Grisi ya Pwani: Kwa Nini Usukani wa Magari ya Zamani Hulegea

Usukani wa gari la zamani ukianza kulegea, hukumu inayotolewa Tanga na mwambao wake ni ile ile: gari limezeeka. Dereva anazungusha usukani upana wa kiganja kabla magurudumu hayajaitika, gari linayumba kila likiguswa na shimo, tairi la mbele linaliwa upande wa ndani, na mwenye gari anashauriwa aliuze kama chuma chakavu au aondoe ekseli ya mbele afunge ya gari jipya zaidi. Naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kinacholegea mara nyingi ni bushi mbili ndogo katika kila gurudumu la mbele, na kwenye pwani hii bushi hizo hazimalizwi na umri wala wingi wa kilomita. Zinamalizwa na chumvi na ukosefu wa grisi, tena zaidi gari likiwa limesimama kuliko likiwa barabarani. Ikiwa ndivyo, na ushahidi umo ndani ya chuma chenyewe, basi desturi tuliyorithi ya kupiga grisi kwa kuhesabu kilomita haitufai. Huku pwani grisi ihesabiwe kwa kalenda.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Gurudumu la mbele lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kubeba uzito na kugeuka kushoto na kulia. Magari ya farasi ya kale yaligeuza ekseli nzima kwenye msumari mmoja wa katikati, na yakikata kona kwa ghafla yalikuwa mepesi kupinduka. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili London ubunifu wa Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi kutoka Munich, ambao kwao ekseli inatulia na kila gurudumu linageuka kwenye pini yake lenyewe. Carl Benz aliuingiza mpango huo katika motokaa zake mwaka 1893. Pini hiyo ndiyo mafundi wa gereji zetu wanayoiita kingpini: kipande cha chuma kigumu kilichosimama karibu wima, kichwa chake kikiwa kimelalia kidogo upande wa ndani ya gari. Imekazwa kwenye ncha ya ekseli isizunguke, na kifundo kinachoshika gurudumu huizunguka kwa bushi mbili, moja juu na moja chini. Bushi ni bomba fupi la shaba nyeusi, laini kuliko pini kwa makusudi, ili kinachoumia katika msuguano kiwe kile kinachobadilishika kwa bei ndogo. Kati ya ekseli na kifundo kuna beringi bapa inayopokea uzito, na kwenye kifundo zimefungwa nipeli, vitundu vyenye gololi na springi ndani yake, ambamo grisi huingizwa kwa pampu.

Wala hili si jambo la makumbusho. Mkoa wa Tanga ulijengwa na mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imefika hai kati ya elfu moja, na mashamba yaliyoenea kutoka Pangani hadi Korogwe yalitaka vyombo vya kupita porini. Ndivyo Landrova, malori ya Bedford na matrekta ya Massey Ferguson yalivyozoeleka huku. Magurudumu ya mbele ya trekta yanageuka kwa pini na bushi za asili hiyo hiyo, na Volkswagen Beetle zilizotengenezwa hadi mwaka 1965 zilikuwa nazo kabla ya kiwanda kuhamia boljointi, yaani kiungo cha tufe. Hata malori makubwa ya leo, Fuso, Isuzu na Scania yanayotoa saruji Pongwe, yamebaki na kingpini, kwa kuwa hakuna kiungo kingine kinachobeba tani nyingi kwa uaminifu hivyo. Anayejifunza kulitunza gari la mwaka 1962 anajifunza pia kulitunza lori linalolisha familia.

Sasa ushahidi. Gurudumu lipandishwe kwa jeki, mtu mmoja alishike tairi juu na chini na kulitikisa, kisha mwenzake akanyage breki. Kama kucheza kunakoma breki inaposhika, ugonjwa uko kwenye beringi za gurudumu. Kama kunaendelea, bushi za kingpini zimeliwa. Jaribio hili la dakika moja lingewaepusha wengi na kosa la kukaza boksi la usukani ili kuficha ulegevu usiotoka humo. Boksi likikazwa kupita kiasi meno yake huliwa, usukani ukawa mzito, na bushi zimebaki vile vile. Ikishathibitika kuwa bushi ndizo zilizoliwa, pini itolewe na kusomwa. Pini iliyochoka kwa kazi halali huliwa pande mbili zinazopingana: juu upande wa nje, chini upande wa ndani, kwa sababu uzito wa gari hulazimisha kichwa cha gurudumu kuinamia ndani. Mahali hapo panang'aa, na ukipitisha ukucha haukwami. Pini iliyouawa na maji ni nyingine kabisa. Ina mkanda wa rangi ya kahawia, mara nyingi sehemu ya chini, na mkanda huo umejaa vishimo vidogo vinavyoizunguka pini yote, hata ule upande usiobeba mzigo. Hapo ndipo hoja ya kilomita inapovunjika. Mwendo hauwezi kula upande usiosuguliwa; kilichokula pande zote ni kitu kilichoingia na kukaa humo, pini ikiwa imetulia. Kutu ikishapata nafasi, unga wake mgumu hukwangua shaba kila usukani unapogeuzwa, na bushi ambayo ingedumu miaka mingi inaisha kwa msimu mmoja au miwili.

Kwa nini iwe hivyo pwani? Kusema bahari ina chumvi hakutoshi, maana chumvi kavu peke yake haidhuru chuma. Jambo lenyewe ni kwamba chumvi hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, punje ya chumvi huyeyuka yenyewe ikawa tone la maji ya chumvi bila mvua kunyesha. Usiku wa Tanga hupita kiwango hicho kwa kawaida. Kusi na kaskazi zote mbili hufika mjini zikitokea baharini, zimebeba ukungu mwembamba wa chumvi, na gari lililoegeshwa Raskazone au Sahare huwa limelowa chini kila alfajiri hata kama anga lilikuwa jeupe wiki nzima. Mvua ya masika angalau huosha chumvi ya nje. Miezi mikavu ya kaskazi haioshi kitu. Chumvi hujikusanya, ikalowa usiku, ikakauka mchana, ikalowa tena, na kila mzunguko hula chuma kidogo. Ongeza pikapu zinazotoa samaki Kigombe au Moa, maji ya barafu na chumvi yakitiririka kwenye chesisi njia nzima. Ongeza kivuko cha Pangani, ambapo magari yanayokwenda Bweni hupanda na kushuka kwenye ukingo unaofikiwa na maji ya bahari kila yanapojaa: kifundo kilichopata moto wa breki kikigusa maji hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia upenyo wowote uliopo. Katika mashamba ya mkonge, majimaji ya majani, ambayo yana asidi, hufanya uharibifu kama huo kwenye matrekta. Katika yote haya, gari linalotembea kila siku lina nafuu. Kifundo chake kinageuka, grisi inasambaa, joto linakausha. Lile linalotolewa Jumapili moja kwa mwezi, likafunikwa turubai na kutunzwa kwa mapenzi, ndilo linalooza pini zake kimyakimya, na mwenyewe hushangaa kwa kuwa kilomita zake ni chache.

Hapa ndipo kazi ya grisi inapopaswa kueleweka upya. Wengi huichukulia kama kitu cha kutelezesha, na ni kweli inatelezesha. Lakini katika mwambao wetu kazi yake kubwa zaidi ni kuziba, kujaza nafasi yote kati ya pini na bushi hadi maji yakose pa kukaa. Mabaharia wa pwani hii walilitambua jambo hilo kabla ya motokaa kuzuliwa. Jahazi hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, sehemu inayozama majini, na sifa, mafuta ya samaki, sehemu ya juu. Tena kazi hiyo hairudiwi kwa kuhesabu safari. Hurudiwa kwa miezi, bamvua inapofika na maji yakakauka kiasi cha chombo kulazwa ufukweni, hata kama msimu huo hakikwenda mbali. Mfanano huu una mizizi katika kemia. Chokaa ikiungana na mafuta hutoa sabuni ya kalsiamu, na sabuni ya kalsiamu iliyokamata oili ndani yake ni mojawapo ya grisi za kale kabisa zilizotengenezwa viwandani, iliyosifika kwa kukataa maji. Udhaifu wake ni joto. Grisi ya sabuni ya sodiamu huvumilia joto lakini huyeyuka majini, kwa hiyo haina nafasi pwani. Grisi ya lithiamu, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1940 na ambayo ndiyo ya kawaida leo, inavumilia joto na inastahimili maji vizuri. Kwa kingpini, grisi ya lithiamu ya namba 2, hasa yenye unga mweusi wa molibdenamu ambao hubaki kwenye chuma hata oili ikikimbia, ni chaguo ninaloliona bora. Kinachopaswa kuepukwa ni kuchanganya aina bila kujua, kwa sababu sabuni mbili zisizopatana zinaweza kulainika zikawa uji na kutiririka nje.

Namna ya kupiga grisi ina jambo moja ambalo haraka ya gereji hulifuta. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito hubana pini na bushi upande unaobeba mzigo, ule ule unaohitaji grisi kuliko mwingine. Ukipampu katika hali hiyo grisi hufuata njia nyepesi, hupita upande uliolegea na kutoka nje, na fundi anaridhika kwa kuwa ameiona ikitoka. Ekseli ipandishwe kwanza, magurudumu yaning'inie, hapo nafasi hufunguka pande zote. Nipeli ifutwe kwa kitambaa kabla ya pampu kuishika, kwani mchanga uliokaa kwenye gololi ndio wa kwanza kusukumwa ndani. Kisha msaidizi ageuze usukani mwisho hadi mwisho huku grisi ikiingia. Mwanzo hutoka kitu cha kahawia, chenye maji na harufu ya kutu. Halafu chenye rangi mchanganyiko. Mwisho grisi safi, juu na chini ya kila bushi. Kuacha kabla ya rangi kusafika ni kuyafungia maji ndani. Na kama grisi inavuja kwenye mdomo wa pampu bila kuingia, nipeli ifunguliwe. Mara nyingi itakutwa grisi ya miaka imekauka ngumu kwenye tundu, na inabidi ilainishwe kwa mafuta ya taa na kuchokolewa kwa waya hadi njia ifunguke. Bushi ambayo nipeli yake imeziba haijapata grisi hata kama kitabu cha huduma kimetiwa sahihi.

Vitabu vya magari ya miaka ya 1950 na 1960 vilitaka grisi kila maili elfu moja hadi elfu tatu, kutegemea gari. Kwa gari la kazi la wakati huo, hilo lilimaanisha kila mwezi au kila miezi michache, na mwandishi wa kitabu hakuona haja ya kutaja kalenda. Gari la zamani la leo likitembea kilomita mia mbili kwa mwezi, hesabu hiyo hiyo inakuwa miezi minane hadi miaka miwili, usiku mia kadhaa za unyevu wa Tanga. Ninachopendekeza ni mara moja kila mwezi kwa gari linalolala karibu na bahari, liwe limetembea au halikutembea, na kabla ya siku kuisha kila gurudumu linapoingia maji ya chumvi. Kwa gari la Lushoto au Handeni, mbali na upepo wa bahari, hesabu ya kilomita bado ina mantiki.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu lina ukweli ndani yake: kwamba grisi hukamata mchanga, na mchanga husaga. Anayesema hivyo ameona vifundo vilivyovimba kwa tope la grisi kwenye barabara za vumbi, na hakosei kulichukia. Ila mchanga ulioko nje bado haujaingia. Grisi inayosukumwa kutoka ndani husafiri kwenda nje, na ukingo mwembamba unaobaki kwenye mdomo wa bushi huzuia vumbi lisiingie kinyume. Inayozidi ifutwe, basi. Bushi kavu ndiyo isiyo na ulinzi, kwani kila tairi linaporuka pini hucheza, ikavuta vumbi na unyevu ndani. Pingamizi hili lingesimama tu kwa vifaa ambavyo havikuumbwa kupewa grisi, na ni kweli mafundi wengine hupaka popote. Bushi za mpira za springi, kama zile za Landrova, zisiguswe kabisa, kwa sababu grisi ya petroli huvimbisha mpira na kuuozesha.

La pili ni zito zaidi. Magari ya sasa hayana nipeli, yana boljointi zilizofungwa kiwandani, na hakuna anayezikumbuka mpaka ziishe. Kwa nini basi kujisumbua na teknolojia inayodai pampu kila mwezi? Nakubali kwamba kwenye lami ya mjini boljointi iliyofungwa inashinda. Haidai kitu, na ikiwa kifuniko chake cha mpira ni kizima hudumu muda mrefu. Lakini usalama wake wote umetegemea mpira huo. Ukipasuka kwa jiwe, kwa jua au kwa umri, maji ya chumvi huingia na hakuna njia ya kuyasukuma nje, hivyo kiungo kizima hutupwa. Kingpini inadai uangalizi, na inaurudisha: maji yakiingia yanatolewa kwa pampu, bushi ikiisha inachongwa nyingine, na ekseli iliyotengenezwa nusu karne iliyopita inaendelea na kazi. Kwa nchi ambayo gari hutarajiwa kufanya kazi miaka arobaini, siwezi kuuita mpango huo wa kizamani. Ndio unaotufaa zaidi, mradi tuutimizie sharti lake.

Landrova inahitaji maneno yake yenyewe, kwa kuwa ndiyo gari la zamani linalopendwa kuliko yote huku, na ndilo ambalo kanuni ya grisi hutumika vibaya kuliko yote. Katika Series IIA na Series III, ile iliyofikia mwisho wake mwaka 1985, kifundo cha mbele kina bushi ya Railko juu, iliyotengenezwa kwa kitambaa kilichogandishwa kwa utomvu wa kiwandani, na beringi ya roli chini. Vyote vimefunikwa na nyumba inayozunguka tufe kubwa lililopakwa kromu, na ndani ya nyumba hiyo huwekwa oili ya gia ya 90, wala si grisi. Chumvi ya pwani hushambulia kromu kwanza. Inatoboa vishimo, vishimo vinakata sili, oili inadondoka, na fundi aliyechoka kuiona ikidondoka anajaza grisi nzito ya beringi ili inyamaze. Kunyamaza kweli inanyamaza, lakini grisi nzito haipandi kufikia bushi ya juu. Inasukumwa pembeni na kukaa hapo, huku Railko ikikauka. Atakayenipinga atasema kiwanda chenyewe, katika miaka ya baadaye, kilihamia grisi. Ni kweli, ila ile ni grisi nyepesi inayotiririka, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na anayeipata anaweza kuitumia. Tiba halisi ni kubadilisha tufe na sili, kisha kulivika tufe soksi ya ngozi ya kulikinga na mchanga na chumvi, kifaa ambacho kimekuwepo tangu zamani na kinaweza kushonwa na fundi yeyote wa viatu.

Railko ina siri nyingine inayowapotosha wanaoifananisha na bushi ya kawaida. Haikuwekwa ili ilegee. Imewekwa ibane kwa kipimo, kwa sababu ubanaji huo ndio unaozuia magurudumu kutikisika kushoto na kulia baada ya kugonga shimo, ule mtetemo wa kutisha unaomfanya dereva asimame katikati ya barabara. Ubanaji hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza shimu, yaani vibati vyembamba vya kujaza nafasi, chini ya pini ya juu, na kitabu cha Landrova hutaka upimwe kwa mizani ya springi: unaifunga kwenye mkono wa usukani, sili ikiwa haijafungwa, unavuta, na kifundo kianze kugeuka kwa mvuto wa karibu kilo 5 hadi 7. Mizani hiyo si kifaa cha maabara. Ni ile ile inayoning'inizwa kupima samaki kwenye soko la Deep Sea, na fundi anayekisia kwa mkono wakati mizani inauzwa mtaa wa pili anajinyima kipimo rahisi.

Linabaki suala la kubadilisha, na lile pingamizi linalosikika zaidi ya yote, kwamba vipuri havipo na vikipatikana ni ghali. Kwa Beetle na Landrova seti za pini na bushi bado zinatengenezwa na kuagizwa. Kwa Bedford na trekta kuukuu mara nyingi itabidi kuchongesha, na mkoa wenye historia ya karakana za reli na viwanda vya mkonge haukosi watu wa kukereza chuma. Tatizo liko kwenye anachopewa mchongaji. Akipewa shaba ya manjano iliyotoka kwenye mabomba, bushi itang'aa siku ya kwanza, lakini shaba hiyo ina zinki, na maji ya chumvi huiondoa zinki taratibu na kuacha sponji dhaifu ya shaba. Inayotakiwa ni shaba nyeusi, yenye bati ndani yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya beringi. Bushi za nailoni, ambazo baadhi ya watengenezaji wa malori wamezitumia kwa mafanikio, zina tabia ya kunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo zikichongwa huku zisiachiwe nafasi finyu. Na kipande cha kopo la maziwa kilichozungushiwa pini ili kujaza ulegevu kisikubaliwe na mtu yeyote anayepakia abiria.

Bushi mpya iingizwe kwa kusukumwa sawasawa, kwa chuma chenye ngazi kinachoishika ndani na ukingoni, na tundu lake litazamane na tundu la nipeli. Ikipinda nyuzi chache tu, grisi haitaingia maisha yake yote. Ikishabanwa kwenye kifundo tundu lake la ndani hupungua kidogo, na ndiyo maana haitoshi kuichonga kwa kipimo cha pini na kuigonga ndani. Inapaswa kukwanguliwa ikiwa mahali pake, kwa chuma kirefu chenye makali kinachopita bushi ya juu na ya chini kwa pamoja ili matundu yote mawili yakae kwenye mstari mmoja. Bushi mbili nzuri zisizo kwenye mstari mmoja humaliza pini upesi kuliko mbili mbovu. Nafasi inayobaki ni sehemu chache za mia za milimita, na kwa mkono hujulikana hivi: pini safi iliyopakwa oili inaingia kwa kusukumwa na kiganja, haidondoki yenyewe wala haihitaji nyundo. Beringi bapa ya uzito iwe mpya, na ulegevu wa juu-chini uondolewe kwa shimu. Baada ya hapo grisi ipigwe siku hiyo hiyo ekseli ikiwa juu, irudiwe baada ya wiki moja ya mwendo kwa kuwa bushi mpya huachia unga wa shaba inapojipatanisha na pini, na kuanzia hapo kila mwezi.